Pete ya Zambarau

Ukimwambia mtu Nairobi kwamba unasomea kemia, swali la kwanza ni kama unaweza kumtengenezea sabuni. Ile ya maji, ya kuoshea vyombo na choo, inayouzwa mitaani kwa mitungi ya lita 5. Ukisema hapana, swali la pili linakuja na huruma kidogo: "Sasa unasomea kemia ya nini?"

Mimi nilikuwa natengeneza pete. Kwa miaka miwili na nusu ya shahada ya uzamili, kazi yangu ilikuwa kuzifunga, kuzisafisha, kuzitia metali katikati, kuitoa tena, na kuzibadilisha pembeni kidogo kidogo ili nione rangi imesogea wapi. Si pete za kidoleni. Ni molekuli, ndogo kiasi kwamba milioni moja zikipangwa foleni hazifiki milimita mbili. Zinaitwa pofirini, jina lililotoka kwenye neno la Kigiriki la zambarau, na ukiziona tu utajua kwa nini.

Mamangu alivumilia maelezo haya kwa muda. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba niko "kwa maabara," na majirani walielewa kwamba napima watu malaria. Siku moja, tukichambua mchele, akaniuliza bila kuinua macho, "Na hiyo kitu mnapika huko, inasaidia nani?"

Sikuwa na jibu fupi. Hili hapa ndilo refu.

*

Tuanze na piroli. Hiyo ni pete ndogo yenye pembe 5: kaboni 4 na naitrojeni 1. Chukua piroli 4, uziunganishe kwa kaboni moja kila pengo, mpaka ya mwisho iishike ya kwanza. Ni kama watoto wanne walioshikana mikono wakafanya duara. Sasa una pete kubwa ya kaboni 20 na naitrojeni 4, na naitrojeni zote zinatazama ndani. Katikati yao imebaki nafasi ndogo, na nafasi hiyo inatosha atomi moja ya metali. Kila kitu kinategemea nani amekaa hapo.

Akikaa chuma, una hemu, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu na kuifanya damu iwe nyekundu. Akikaa magnesiamu, na pete ikaguswa kidogo pembeni, una klorofili, ile inayofanya jani liwe kijani na kula mwanga wa jua. Punguza kaboni moja kati ya zile nne za kuunganisha, ulainishe pete, umkalishe kobalti katikati, na una kiini cha vitamini B12, ambayo ukiikosa damu yako haitengenezwi sawasawa na miguu inaanza kufa ganzi.

Mara ya kwanza kuelewa hili nilikuwa mwaka wa pili chuoni, ndani ya matatu ya kurudi Umoja, notisi zikiwa magotini. Tulikuwa tumekwama kwenye jam. Nje, mama mmoja alikuwa anakatakata sukuma wiki na kuzijaza kwenye mifuko midogo. Hatua tatu kutoka kwake, jamaa wa bucha alikuwa ananing'iniza paja la ng'ombe. Kijani na nyekundu, bega kwa bega, na wote wawili wanauza pete ileile. Nilitaka kumwambia abiria aliyekaa karibu nami, lakini alikuwa amelala.

*

Kuijua pete ni jambo moja. Kuitengeneza mwenyewe, kuanzia mwanzo, ni jambo jingine kabisa.

Mtu aliyefungua njia ni Mjerumani, Hans Fischer, aliyefundisha München. Mwaka 1929 alifanikiwa kutengeneza hemini, yaani ile pete ya damu pamoja na chuma chake, kwa vitu vya maabara tu, na mwaka 1930 akapewa Tuzo ya Nobel. Njia yake ilikuwa ndefu: unajenga nusu moja ya pete, unajenga nusu ya pili, halafu unazishonanisha. Aliendelea kuifukuzia klorofili kwa miaka mingi. Vita vikaja, mabomu yakaiangusha maabara yake, na mwezi Machi 1945 akajiua. Klorofili ilikuja kukamilishwa na Robert Woodward na kundi lake, Harvard, mwaka 1960. Kwa B12, Woodward alishirikiana na Albert Eschenmoser wa Zürich. Ikachukua zaidi ya miaka 10 na watu wapatao 100, hadi 1972. Watu 100, kwa molekuli moja. Nikimwambia mamangu hivyo, anacheka mpaka anaweka ungo chini.

Lakini kuna njia fupi, ukikubali pete iliyo rahisi zaidi, yenye pande nne zinazofanana. Mwaka 1935 Paul Rothemund, huko Ohio, alionyesha kwamba unaweza kuchanganya piroli na aldehaidi, ukafunga chombo, ukatia joto kali, na pete ikajifunga yenyewe. Alipata kidogo sana, lakini alipata. Mwaka 1967 Alan Adler, Frederick Longo na wenzao wakairahisisha: chemsha piroli na benzaldehaidi ndani ya asidi ya propioniki, mbele ya hewa ya kawaida, kwa nusu saa. Basi. Hiyo ndiyo njia ambayo wanafunzi dunia nzima hujifunzia, na mimi nikiwemo.

Ngoja nikueleze siku yenyewe inavyokuwa.

Piroli inakuja kama majimaji yasiyo na rangi, lakini ikikaa kwenye chupa miezi michache inageuka hudhurungi kama chai ya rangi. Kwa hivyo kwanza unaikeneka upya, na unatumia ile safi siku hiyohiyo. Benzaldehaidi inanukia lozi, vizuri tu. Asidi ya propioniki haina adabu: inanuka kama maziwa yaliyosahauliwa ndani ya gari siku ya jua, na inakufuata nyumbani. Kwenye matatu watu walikuwa wananiachia kiti.

Unachemsha asidi, nyuzijoto 141, unatia vile viwili kwa pamoja, na unatazama. Manjano. Machungwa. Hudhurungi. Baada ya dakika chache ni nyeusi tii, nyeusi ya lami ya barabara, na mtu asiyejua atasema umeunguza. Nusu saa ikiisha unazima moto na kuacha ipoe. Kisha unaimwaga juu ya karatasi ya kuchujia. Weusi unapita wote. Unasuuza kwa methanoli, tena, na tena, mpaka kinachodondoka kiwe safi. Na juu ya karatasi inabaki fuwele ya zambarau iliyoiva, inayometameta kama mgongo wa mbawakawa.

Inabaki kidogo. Kwa kila 100 unayotarajia kwenye karatasi ya hesabu, unapata kama 20. Zile 80 nyingine ndizo ile lami: minyororo ya piroli iliyoshikana ovyo, ambayo haikuwahi kurudi kushika mkia wake.

Nilipopima mara ya kwanza nikaenda kwa msimamizi wangu na kijichupa changu, nikijiandaa kujitetea. Akakiinua kwenye mwanga, akakizungusha, akasema, "Asilimia 20? Hiyo ni siku nzuri." Halafu akanipeleka kwenye chumba cha giza, akayeyusha punje moja, akawasha taa ya miale ya urujuanimno. Kile kimiminika kikawaka chekundu, kama kaa la moto ndani ya maji. Nilisimama pale nikisahau hata kwamba nanuka.

*

Kwa nini 20 tu? Swali hili ndilo lililonifanya niipende hii kazi.

Fikiria uko Gikomba siku ya Jumamosi, na umeambiwa mushikane mikono watu wanne mfanye duara. Haiwezekani. Kabla wa nne hajampata wa kwanza, tayari mtu mwingine amemshika, na mwingine amemshika huyo, na sasa mna mkia wa watu 30 unaopinda kuelekea machimbo ya mitumba. Hivyo ndivyo ilivyo ndani ya chupa iliyojaa. Sasa wapeleke watu hao hao kwenye uwanja mpana saa kumi na mbili asubuhi, ambako hakuna mtu mwingine wa kumshika. Wa nne anageuka, na mkono ulio karibu naye kuliko yote ni wa yule wa kwanza.

Mwaka 1987 Jonathan Lindsey na wenzake walichapisha njia iliyotegemea wazo hilo. Wape nafasi: yeyusha vitu vyako ndani ya daikloromethani nyingi, viwe vyembamba sana. Ondoa joto: hakuna kuchemsha, ni hali ya kawaida ya chumba, na tone la kichocheo cha asidi. Na zaidi ya yote, usiharakishe hatua ya mwisho. Pete inapojifunga mara ya kwanza bado ni laini, haina rangi kali, na inaweza kufunguka tena. Viungo vinashikana na kuachana, vinajaribu tena, mpaka wengi wametulia kwenye duara. Hapo ndipo unatia kioksidishaji kinachoondoa haidrojeni na kuifunga pete kabisa, ngumu na ya zambarau, isiyoweza kurudi nyuma. Ukitia mapema, unazifungia na zile zilizokosea.

Kwa njia hiyo mavuno yanaweza kupanda hadi 40 kwa 100. Na kwa sababu hakuna ukatili wa asidi inayochemka, unaweza kutumia aldehaidi dhaifu ambazo zingeungua kwa njia ya Adler. Lakini inakula viyeyusho kama gari kuukuu linavyokula mafuta, na huku kwetu kiyeyusho kinasubiriwa. Unaagiza Februari, kinafika Juni. Kwa hivyo nilifanya nyingi kwa Adler, nikanuka, na Lindsey nikamwekea zile pete ambazo hazikuwa na njia nyingine.

*

Baada ya kufunga pete, mchezo wenyewe ndio unaanza. Pete tupu, katikati yake kuna haidrojeni mbili tu zinazoshikilia nafasi. Tia asidi kidogo na suluhisho la zambarau linageuka kijani mbele ya macho yako, kwa sababu naitrojeni zimebeba haidrojeni zaidi na pete imejikunja. Tia chumvi ya zinki, na rangi inasogea kuelekea waridi, mwanga mwekundu unabaki lakini umebadilika. Tia shaba, na ule mwanga unazimika kabisa. Pete ni ileile. Mgeni wa katikati ndiye amebadilisha tabia ya nyumba.

Na pembeni pia. Ukiongeza haidrojeni mbili tu kwenye moja ya zile piroli nne, unapata klorini. Usichanganye na ile ya kusafishia maji, jina tu limegongana. Hiyo ndiyo familia ya klorofili. Badiliko dogo hivyo linafanya pete imeze mwanga mwekundu kwa nguvu zaidi, na mwanga mwekundu ndio unaopenya nyama ya mwili kwenda ndani zaidi. Weka kiganja mbele ya tochi ya simu utaona ni rangi gani inayotokea upande wa pili. Madaktari wanatumia jambo hili. Dawa moja inayoitwa temoporfini, iliyotoka kwenye kazi ya Raymond Bonnett huko London na kuidhinishwa Ulaya mwaka 2001 kwa saratani ya kichwa na shingo, ni klorini ya namna hiyo. Mgonjwa anadungwa, siku chache zinapita, kisha wanamulika uvimbe kwa mwanga mwekundu. Pete inachukua nguvu ya mwanga na kuikabidhi oksijeni iliyo karibu, na oksijeni hiyo inakuwa kali, inaua seli palepale. Pasipomulikwa hapaungui. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa akae mbali na jua kwa muda.

Kazi yangu ilikuwa mtaa wa pili kutoka hapo: pete zenye mikono tofauti pembeni, ili ziyeyuke kwenye maji. Maana pete nyingi za zambarau zinachukia maji, na mwili wa binadamu ni maji.

Ni Kukhu, nyanya yangu wa Vihiga, aliyenionyesha kwamba kazi hii haikuanzia kwenye maabara. Nilikuwa nimeenda kumwona, na alikuwa anapika kunde. Alitia musherekha, yale maji yaliyochujwa kwenye jivu la maganda ya maharagwe. Siku hizi wengi hutumia magadi ya dukani, yale yanayochimbwa Ziwa Magadi. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyesoma bure. "Ili ziive mapema, na zisigeuke rangi."

Hebu fikiria. Unapochemsha mboga, jani linavunjika na kumwaga asidi yake yenyewe. Asidi hiyo inaingia kwenye klorofili na kumfukuza magnesiamu, haidrojeni mbili zinakaa mahali pake, na kijani kinakuwa ile rangi ya kaki ya mboga iliyosahauliwa jikoni. Ni tukio lilelile nililokuwa naandika kwenye daftari langu: kutoa metali kwa asidi. Maji ya jivu na magadi ni besi; yanaimeza asidi kabla haijafika kwenye pete. Zaidi ya hapo, yanakata mkia mrefu wa mafuta ambao klorofili huwa nao, na pete inabaki kijani, inayoyeyuka majini. Kuyeyuka majini! Nilikuwa nimehangaika mwaka mzima na jambo hilo, na Kukhu alikuwa analifanya kila jioni, sufuria ikiwa juu ya mafiga. Ila magadi yakizidi yanaharibu vitamini C, na kunde zinakuwa na ladha ya sabuni. Yeye hakuwahi kuzidisha. Alikuwa anapima kwa jicho.

Huko kwake Vihiga kuna mwingine anayeijua pete hii vizuri kutushinda sote. Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu kinakula himoglobini, na kinabaki na hemu mkononi. Hemu iliyoachwa huru ni sumu kwake. Hana kifaa cha kuikata kama tulicho nacho sisi, kwa hivyo anazipanga pete kuwa fuwele nyeusi zisizomdhuru. Dawa kama klorokwini zilifanya kazi kwa kuzishika pete kabla hazijapangika, na kimelea kikafa kwa uchafu wake mwenyewe. Kisha kikajifunza kuitoa dawa nje, na Kenya ikaiacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998. Kukhu bado anaikumbuka kwa jinsi ilivyokuwa ikimwasha ngozi.

*

Nimesema sisi tuna kifaa cha kuikata pete. Hapa ndipo maelezo yangu yalipoacha kuwa ya daftari.

Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, halafu huvunjwa. Kimeng'enya fulani kinaishika hemu na kuikata mahali pamoja. Chuma kinatoka na kuhifadhiwa. Pete iliyokuwa duara inakuwa mnyororo wa piroli nne zilizonyooka. Mwanzo mnyororo huo ni wa kijani, unaitwa biliverdini. Kisha unakuwa wa manjano, bilirubini. Umeshawahi kujigonga mguu na meza usiku? Fuatilia lile jeraha la ndani kwa wiki moja: zambarau, kijani, manjano. Hiyo ni pete yako inafunguliwa chini ya ngozi, hatua kwa hatua. Hans Fischer, yule aliyefunga pete ya damu mwaka 1929, aliitengeneza na bilirubini pia, mwaka 1942. Alianza na duara, akamaliza na mnyororo.

Mtu mzima hajali. Ini lake linaifunga bilirubini kwenye sukari ili iyeyuke majini, na inatoka chooni. Lakini mtoto mchanga anazaliwa na damu nyingi ya kuvunja, na ini lake bado halijazoea kazi.

Dadangu alijifungua mwezi wa saba, mtoto wa kike, kilo 2.9. Waliruhusiwa kwenda nyumbani siku ya pili. Siku ya nne nikaenda Kayole kuwaona. Mtoto alikuwa amelala, na kila mtu alikuwa anasifia jinsi alivyo mtulivu. Mamangu alikuwepo. "Amekuwa manjano kidogo," akasema. "Lakini ni kawaida, nyinyi wote mlikuwa hivyo. Tutakuwa tunamtoa jua la asubuhi."

Nyumba ya dadangu iko ghorofa ya tatu, na roshani inatazama ukuta wa ghorofa nyingine. Jua linapita pale dakika 40 kwa siku, kama mtu anayekata kona.

Nikamfungua mtoto blanketi. Nikamgusa kwa kidole kwenye paji la uso, nikabonyeza na kuachia. Manjano. Kifua, manjano. Nikashuka magotini, nikashuka nyayo. Hata nyayo zilikuwa na rangi ile, na viganja. "Amenyonya saa ngapi?" nikamuuliza dadangu. Akasema asubuhi, lakini siku hizi mbili anachoka haraka, analala kwenye titi.

"Twende hospitali."

"Sasa hivi? Si tungoje kesho, tumwanike kwanza?"

"Sasa hivi, dada."

Mamangu akaniangalia. Sikuwa nimewahi kutumia sauti hiyo nyumbani. Nilijua kitu ambacho wao hawakuwa wanakijua: bilirubini inapenda mafuta, na ubongo wa mtoto mchanga una mafuta mengi na mlango ambao bado haujafungwa vizuri. Ikipanda sana inaingia. Kilichoingia huko kinaweza kuacha uziwi, kinaweza kuacha viungo visivyotii, na hakirudishwi. Manjano ya usoni siku ya tatu ni kawaida ya watoto wengi. Manjano ya viganja na nyayo, kwa mtoto asiyenyonya vizuri, si ya kungoja kesho.

Walimpima. Mikromoli 320 kwa lita. Muuguzi akaandika, hakusema kitu, akaanza kumvua mtoto nguo. Wakamfunga macho kwa kitambaa kidogo cheupe, wakamwacha na nepi tu, wakamlaza chini ya taa za buluu.

*

Nilikaa pale usiku kucha nikiangalia ile buluu, na nilikuwa naujua mwanga ule. Bilirubini humeza mwanga wa karibu nanomita 460. Nilikuwa nimechora michoro ya namna hiyo mara mia.

Molekuli ya bilirubini hujikunja. Sehemu zake zinazopenda maji zinageukia ndani na kushikana zenyewe kwa zenyewe, mgongo wa mafuta ukabaki nje. Ndiyo maana damu haiwezi kuitoa kwa figo. Mwanga wa buluu ukiipiga, kiungo kimoja kinageuka nusu mzunguko. Kimoja tu. Molekuli haiwezi tena kujikunja ilivyokuwa, zile sehemu za ndani zinafunuliwa, maji yanazishika, na inatoka kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini. Hakuna sindano wala dawa. Ni kurekebisha molekuli kwa mwanga, kupitia ngozi ya mtoto wa siku nne.

Aliyegundua hakuwa mkemia. Miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi mkuu Jean Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto uani wapate jua. Siku moja akamwonyesha daktari mtoto mmoja aliyekuwa ameng'aa mwili mzima isipokuwa pembetatu ya manjano, pale shuka lilipomfunika. Kisha chupa ya damu iliyosahauliwa dirishani, juani, ikapimwa na kukutwa bilirubini imeshuka. Mwaka 1958 Richard Cremer na wenzake wakachapisha habari hizo, na taa zikaanza kutengenezwa.

Kwa hivyo mamangu hakuwa mjinga. Jua linafanya kazi. Yeye na Jean Ward walikuwa wanaona kitu kimoja. Ila jua la dakika 40 Kayole, mwezi wa saba, mtoto akiwa amefungwa blanketi mbili kwa sababu ya baridi, halishindani na 320. Nilimweleza hivyo kesho yake kwenye benchi la nje. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo hii ndio unasomanga?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ukweli ni kwamba pete zangu za zambarau, zote zilizo kwenye vijichupa vyao na lebo zao, hazikumfanyia mtoto yule kitu chochote. Kilichomsaidia ni taa, muuguzi, na kwamba tulifika mapema. Nilichokuwa nacho mimi ni kuijua ile rangi kwa jina, na kujua inakwenda wapi isipozuiwa. "Ni jirani yake," nikamwambia mama. "Nasoma jirani yake."

Baada ya usiku mbili ilishuka hadi 190. Mtoto akaanza kulia kwa hasira, sauti iliyojaa, na dadangu akalia pia.

Usiku wa pili kulikuwa na mama mwingine kitanda cha pili, msichana wa miaka 19 hivi, peke yake. Mtoto wake alikuwa chini ya taa kama wetu, na kila muuguzi akiondoka yeye alikuwa anamtoa, anamfunika, anambembeleza, kwa sababu mtoto alikuwa analia na taa zilimtia hofu. Alidhani zinamchoma. Alikuwa amesikia ni miale.

Nikasogea. "Hii si ile miale ya kuchoma," nikamwambia. "Ni mwanga tu. Unajua damu inazeeka?" Nikamwonyesha kwa vidole: vinne, vimeshikana duara. Nikalifungua duara likawa mstari. "Ikizeeka inafunguka hivi, inakuwa ya manjano. Inakuwa imejikunja, haitaki kutoka. Hii taa inaikunjua." Nikageuza kidole kimoja, nusu mzunguko. "Ikikunjuka, anaikojoa."

Akanitazama vidole kwa muda.

"Kwa hivyo hiyo manjano ni damu imezeeka."

"Ndiyo."

"Na akikojoa ndio inatoka."

"Ndiyo. Na anyonye sana, ndio akojoe sana."

Akainuka, akamfungua mtoto blanketi polepole, akamnyoosha kile kitambaa cha macho, akamrudisha chini ya taa. Kisha akamgeuza alale kwa tumbo, ili mgongo nao upate.